Tutawapikia nini wageni?

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama wa Kasongo na Kabambare. Tumeyaandika hapa kwa wale ambao hawakufika, na kwa marafiki wetu walio mbali.

   Mama prezida, aksanti kwa kunipa nafasi. Umesema dakika ishirini. Nitajaribu.

Wote tunajua juu ya nini nimeitwa hapa. Wageni wetu watarudi kiangazi hiki, na komite imegawanyika. Wamoja wanasema tununue makaroni, sardini za kopo, mikate na vinywaji vya chupa, ili mgeni asituone watu wa porini. Wengine wanasema hapana, mgeni anapenda mila, basi tupige ngoma toka asubuhi, wazee wavae ngozi, watoto wacheze juani mpaka magari yaondoke. Maneno yamekuwa makali. Kuna watu wawili humu ndani hawasalimiani tangu wiki mbili.

Mimi naona pande zote mbili zinauliza swali moja tu: mgeni atatuonaje? Hakuna aliyeuliza: sisi tuna nini cha kumwambia? Nitawaeleza kwa nini naona hivyo. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, juu mtu asiyetoa yake hana haki ya kusema ya wenzake.

Wengi wenu mlinijua nikiwa mtoto Lugufu. Kambi ile ilifunguliwa 1997, ikafungwa 2009, na sisi tuliingia pale 1998 na mama, na wadogo zangu wawili, na sufuria moja. Mama alianza kuuza sombe kwenye soko, pale Watanzania wa vijiji vya jirani walikuwa wanakuja kuuza mahindi na maharage. Nilikuwa na rafiki, mtoto wa mama mmoja mwenye kuuza unga. Siku moja mama akaita kwa sauti, "Sombe hapa! Fasi hii, sombe!" Watoto wa pale wakacheka. Kwao sombe inaitwa kisamvu, na fasi inaitwa mahali. Rafiki yangu akaniuliza, "Yule mama anasema lugha gani?" Nikamjibu, "Sijui. Simjui."

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alisikia. Hakunipiga, hakusema kitu mpaka jioni. Jioni alinipatia chakula kama kawaida, akasema tu, "Kula, wewe ambaye hunijui." Ile sombe sikuimaliza.

Baada ya miezi, bibi yake rafiki yangu akaja kutoka Ujiji kutembelea wajukuu. Akapita sokoni, akasikia mama anaongea, akasimama. Akauliza, "Wewe mtoto wa wapi?" Mama akasema, "Wa Kabambare." Yule bibi akaketi chini kwenye mkeka wetu, akaanza kuuliza habari za Luama kama mtu anayeuliza habari za ndugu mgonjwa. Babu yake alitoka Manyema, alifika ziwani na misafara. Alijua sombe. Alijua namna mama anavyosema. Mjukuu wake, rafiki yangu, alibaki mdomo wazi, juu watu aliowacheka walikuwa watu wa kwao.

Haya si maajabu. Ujiji na Kigoma zimejaa watoto wa Manyema. Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, utawapata. Dar es Salaam, Kariakoo, kuna msikiti unaitwa Msikiti wa Manyema mpaka leo. Wazee wetu walitembea mbele yetu zaidi ya miaka mia na kitu, wamoja kwa biashara, wamoja kwa kubeba mizigo, na wengi sana kwa kamba shingoni. Hiyo ya mwisho tusiifiche. Kasongo ilikuwa mji wa Tippu Tip. Nyangwe, pale juu ya mto, mwaka 1871 watu waliuawa sokoni mchana, mama zetu waliokuja kuuza samaki na vyungu. Nasema hivi juu kuna vijana wanaojivunia Kasongo ya zamani kana kwamba ilikuwa harusi. Haikuwa harusi. Lakini Kiswahili chetu, mpunga wetu, kanzu za baba zetu siku ya Idi, vyote vilipita mlango ule ule. Huwezi kuchukua mpunga ukakataa kujua njia uliyopitia.

Kiisha tukarudi. Wengine walianza 2005, meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Sisi tulirudi 2007, tukashuka Baraka, tukapanda njia ya milima kupitia Lulimba. Nilikuwa na miaka kumi na nane, na Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka kama cha redio. Nikafika kijijini, nikasalimia shangazi, "Shikamoo." Watu wakacheka! "Angalia Mtanzania huyu." Kule nilikuwa Mkongo, hapa nikawa Mtanzania. Nikaanza tena kujifunza kusema fasi.

Wengi wenu yamewapata. Na sasa yanawapata watoto wetu waliobaki Nyarugusu, na wale waliochukuliwa kwenda Marekani, ambao wanatuandikia kwamba shuleni wanaficha chakula chao juu ya harufu ya samaki mkavu. Aibu ya namna hii haimwulizi mtu kama ana elimu. Mimi niliipeleka mpaka chuo kikuu Kindu, nikarudi nayo kazini. Na kazini ndipo ilipoleta hasara. Nawaomba mnisikilize vizuri hapa.

Miaka michache nyuma nilikuwa natumika kwa shirika moja, kazi ya maji. Shirika sitalitaja, juu kosa si lake, ni langu. Tulienda kijiji kimoja upande wa Luama pamoja na wageni wawili kutoka Ulaya, mama mmoja wa wafadhili na fundi wa maji. Walikuwa wamechagua chemchem ya kujengea, karibu na njia, maji mengi, hata kiangazi hayakauki. Fundi alipima, akafurahi.

Wakaita wazee. Mzee mmoja akasimama, akakohoa, akasema maneno marefu. Alisema hivi: chemchem ile ni ya maiti. Kutoka kwa babu zao, maji ya kuosha wafu yanachotwa pale, na mtu akitoka kuzika ananawa pale kabla ya kuingia nyumbani. Hakuna mama atakayechota maji ya mtoto fasi hiyo. Kama wageni wanapenda kuwasaidia, iko chemchem nyingine ng'ambo ya kilima, ndogo, lakini hiyo ndiyo ya kunywa.

Yule mama mgeni akanigeukia. "Anasema nini?"

Ndugu zangu, nilikuwa na kalamu mfukoni, na kofia ya shirika kichwani. Nilikuwa nimekaa siku tatu na wageni wale kwenye gari, tunaongea Kifaransa, tunacheka, wananiita kwa jina langu. Niliona haya. Nilifikiri: nikiwaambia habari ya maiti, watasema hawa watu bado wako gizani, na mimi nitakuwa mmoja wao. Nikajibu, "Mzee anasema wanafurahi sana, wanawakaribisha."

Yule mzee hajui Kifaransa. Lakini aliona jibu langu lilikuwa fupi na maneno yake yalikuwa marefu. Aliniangalia, akakaa.

Chemchem ikajengwa. Ukuta wa saruji, mabomba mawili, ngazi, uzio wa miti. Foto zikapigwa. Nikaandika rapoti. Mvua zikaanza, na mama wote wa kijiji wakaendelea kupita pembeni ya mabomba yale na bidoni zao, wakishuka mtoni. Maji ya mto wakati wa mvua mnayajua, rangi yake kama chai ya maziwa. Watoto waliharisha mwaka ule kama miaka mingine yote. Sina hesabu yao. Sikuwahi kwenda kuwahesabu, na hiyo nayo ni sehemu ya kosa langu.

Mwaka uliofuata yule mama mgeni akarudi. Akaona uzio umeshaota majani. Akauliza, na safari hii aliuliza mbele ya watu wote, na kulikuwa na mwalimu wa shule anayejua Kifaransa. Sikuwa tena na fasi ya kujificha. Nikasema ukweli. Nikasema kwa Kifaransa, kiisha nikasema kwa Kiswahili ili mzee asikie.

Mgeni alikasirika. Hakukasirikia mila. Alinikasirikia mimi. Aliniambia, "Ungeniambia tu. Tungejenga ile nyingine. Kwa nini uliona ni aibu? Ile ilikuwa habari, tena ilikuwa habari tuliyoijia." Sikuwa na jibu.

Mzee yeye hakukasirika. Aliniambia, "Mtoto yangu, mimi nilijua hukusema ile nilisema. Nilifikiri labda Kifaransa hakina hayo maneno."

Ile sentensi nimelala nayo siku nyingi.

Chemchem ya pili ilijengwa, ndiyo. Lakini feza za projeti zilikuwa zimekwisha, ikabidi watu wabebe mawe na mchanga wenyewe, na saruji ikachelewa. Ilichukua miezi ishirini toka siku ile niliyosema uongo. Uongo wa maneno machache.

Sasa turudi kwenye makaroni.

Kiangazi kilichopita tulipokea wageni hapa. Mlipika nini? Makaroni na sardini, na chupa za vinywaji katoni nzima. Feza zilitoka wapi? Mama mtunza feza amenipa ruhusa kusema: sehemu ilitoka kwenye mfuko wa wagonjwa, tukasema tutarudisha. Tulimaliza kurudisha baada ya miezi mitatu. Katika miezi ile mitatu, mwenzetu mmoja aliyelazwa alingoja mchango wake wiki nzima. Tuliwafunika wageni macho kwa feza za mgonjwa. Na wageni wenyewe? Nilikaa karibu nao. Mmoja aliniuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuonja kile watoto walikuwa wanakula kule nyuma ya nyumba. Watoto walikuwa wanakula ugali wa muhogo na sombe na mawese.

Tunafikiri mgeni atacheka. Labda mwingine atacheka kweli, sikatai. Wako wageni wa namna hiyo. Wasafiri wa Ulaya wa zamani waliandika kuhusu Manyema habari za watu kula watu, na maandiko yale yalizunguka dunia kabla ya sisi kuzaliwa. Lakini kumbukeni pia mgeni mwingine. Kabambare ilimpokea Livingstone mwezi wa tisa wa 1869. Katika maandishi yake anaiita Bambarre. Mwaka 1870 madonda ya miguu yalimkamata, akakaa ndani ya nyumba siku 80 bila kutembea. Aliandika mwenyewe kwamba kitu kilichomsaidia ni jiwe la kijani, malakiti, linalosagwa na maji juu ya jiwe lingine, kiisha dawa inapakwa kwa unyoya wa ndege. Aliondoka mwezi wa pili wa 1871, anatembea. Watu wa Kabambare hawakumtafutia chakula cha kwao Scotland. Alikula kilichokuwako, akatumia dawa iliyokuwako.

Na tusidanganyane juu ya chakula cha asili. Muhogo tunaoita wa babu zetu ulitoka Amerika ya Kusini. Mpunga ulienea huku na Waungwana. Hivi ni vyetu juu tumevilima, tumevitwanga, tumevilisha watoto wetu. Inatosha. Hakuna haja ya kuthibitisha zaidi.

Upande wa pili nao, wale wa ngoma na ngozi, nina neno. Wapendwa, kujivuna pia kunaweza kuwa kujificha. Nimeona kijiji kinacheza masaa mawili mbele ya wageni, na hakuna aliyesema kwamba mjane wa pale amefukuzwa nyumbani na ndugu za marehemu. Mgeni alipouliza habari ya wajane, mtu akajibu haraka, "Hiyo ni mila yetu," na mazungumzo yakaisha pale. Mila imegeuzwa kuwa mlango wa kufunga. Mimi, mtoto wa Kabambare, najivunia namna tunavyozika, tunavyopokea mtoto, tunavyomsalimia mkubwa. Sijivunii kumnyang'anya mjane sufuria yake, na sitaimba wimbo juu yake kwa sababu mzungu anapiga foto.

Vitu vyetu vingine havihitaji kuchezwa juani. Sanamu za Babuyu wa hapa Kabambare, zile za wazee wenye ndevu, ziko ndani ya vioo katika makumbusho ya Ulaya. Vinyago vya ndugu zetu Balega vya bwami viko mpaka New York. Bwami yenyewe serikali ya Wabelgiji iliipiga marufuku mwaka 1948. Baba zetu walifundishwa kuona haya juu ya vitu ambavyo watu wengine leo wanalipa kiingilio kuviangalia. Sisemi tuanze kuviabudu, kila mtu hapa ana dini yake. Nasema tu: aibu ile hatukuzaliwa nayo. Tulipewa. Na kitu ulichopewa unaweza kukiweka chini.

Ninyi wafadhili wetu mtakaosoma haya, nina maombi machache, kwa heshima. Mkija, msalimie kwanza, foto baadaye. Mzee akisema dakika tano na mkalimani akasema neno moja, msikubali. Ulizeni tena. Msisifu kila kitu. Kama sombe yetu ina chumvi nyingi, semeni, tutacheka pamoja. Na mkiambiwa "ni mila", ulizeni inamsaidia nani na inamwumiza nani, kama ambavyo mngeuliza kwenu. Sisi nasi tutawauliza ya kwenu. Urafiki wa upande mmoja kuuliza na mwingine kujibu ni mahojiano ya polisi.

Sasa kwa komite, nina mapendekezo manne, mtayajadili.

Moja. Wageni watakula kile ambacho nyumba iliyowapokea inakula mwezi huo. Kama ni sombe na samaki wa Lualaba, aksanti. Kama ni wali na kuku kwa sababu mwenye nyumba kwa kawaida anachinja kuku kwa mgeni yeyote, hata shemeji yake, aksanti. Lakini feza ya mfuko wa wagonjwa isiguswe hata kidogo.

Mbili. Wakalimani wawe wawili, mmoja kwa kusema, mmoja kwa kusikiliza na kukumbusha kilichoachwa. Mimi najitolea kuwa wa pili. Niko na uzoefu wa kuacha maneno.

Tatu. Ngoma ipigwe ikiwa kuna sababu ya kupiga. Kama siku hiyo kuna harusi, wageni waje harusini. Kama kuna matanga, wakae matangani kimya kama sisi.

Nne. Kabla ya wageni kufika tukae wenyewe, tuandike mambo matatu tunayopenda wayajue, na mambo mawili yanayotuaibisha kweli kati yetu. Habari ya wajane iwe ya kwanza. Haya mawili tuyasemee sisi, kabla ya kuulizwa.

Namaliza. Mama yangu yuko hapa, amekaa pale karibu na dirisha na kitenge cha kijani. Ni mama yule wa sombe. Miaka mingi nimetaka kumjibu ile jioni ya Lugufu na sikujua namna. Mama, mbele ya watu hawa wote: ninakujua. Wageni wakifika, mtu wa kwanza nitakayewapeleka kumsalimia ni wewe. Uwaambie unachopenda, kwa Kiswahili chako. Nitatafsiri yote.